Ni ndaa au ni roho? Njia za kuacha kula kwa huzuni, hasira na upweke, na ipi ikufae wewe

Feri ya Likoni, hapa Mombasa, huchukua dakika chache tu kuvuka. Jioni moja mwaka juzi nilinunua viazi karai upande wa kisiwani, muuzaji akanifungia kwenye karatasi, akanimiminia ukwaju na pilipili, nikateremka na umati hadi chini. Feri ilipogusa ng'ambo nikaitazama karatasi mkononi mwangu: tupu, imelowa mafuta. Sikukumbuka kiazi hata kimoja. Ladha sikuipata, shibe sikuipata, na yale maneno niliyoambiwa kazini mchana ule yalikuwa bado yamenikaa kooni.

Usiku nilimsimulia shangazi. Alikuwa akichagua mchele kwenye uteo, wala hakuinua uso.

"Mwanangu, hiyo si ndaa, hiyo ni roho. Ndaa ukiipa muhogo mkavu yala. Roho ndiyo isemayo nataka kile."

Sisi watu wa Mvita, yaani Mombasa, husema ndaa pale wengine wasemapo njaa. Na roho kwetu ni uhai wa mtu, tena ni uchu wake; ndiyo maana anayekula kupita kiasi huitwa mroho. Neno hilo naomba tuliweke kando tangu mwanzo. Mroho ni yule anayetaka fungu la wenzake. Mtu anayekula mkate wa sinia peke yake jikoni saa nne usiku kwa kuwa nyumba imekuwa kimya tangu mama yake azikwe, huyo hataki fungu la mtu. Anatafuta cha kumtuliza, na chakula ndicho kilicho karibu. Kumtukana hakumsaidii. Mimi nimetukanwa, na kila mara tusi lilinirudisha palepale jikoni.

Katika miaka hii miwili nimejaribu njia kadhaa. Nyingine zimenifaa, moja iliniumiza. Hapa nazipambanisha ili uchague yako, na kipimo changu si kilo. Kipimo changu ni saa: roho inakushika saa ngapi, na inakukuta katika hali gani. Anayeshikwa saa kumi na moja jioni na anayeshikwa saa nne usiku huenda wanakula kitu kilekile, lakini dawa zao haziko pamoja.

Kwanza zitenganishe

Ndaa huja polepole. Tumbo linakuwa jepesi, linanguruma, baadaye kichwa kinaanza kuuma na mikono inalegea. Ukiiambia ingoje nusu saa, inangoja. Roho huja ghafla, kama mtu aliyekugusa bega kwa nyuma, na huja na jina la kitu: kaimati zilizolowa shira, kachri, halua, soda ya baridi. Huisikii tumboni, waisikia mdomoni na kifuani. Na mwisho wake ndio alama kubwa kuliko zote. Ndaa ikishiba hunyamaza. Roho haijui shibe. Unaacha kwa sababu sahani imekwisha, kisha yanafuata majuto.

Swali ninalojiuliza ni moja tu: lau ningewekewa sima na mchicha uliolala, ningekula? Nikijibu ndiyo, nina ndaa, na nile bila kuona haya. Nikijibu la, nataka kaimati tu, basi nakaa kitako kwanza.

Mwilini nako mambo haya yana njia zake. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Kijapani mwaka 1999, na hiyo ndiyo hupeleka habari ya njaa kwenye ubongo. Leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Halafu iko kotisoli, ambayo mwili huimwaga mtu anapokuwa na dhiki; dhiki ikikaa muda mrefu, kotisoli huamsha hamu ya kula, hasa vitamu na vya mafuta. Kwa hivyo mtu aliyefiwa au anayeonewa kazini hajisingizii anaposema anataka kitu kitamu. Mwili wake unakiitisha kwelikweli. Tatizo ni kwamba kaimati haiwezi kujibu kilichoamsha hamu hiyo.

Mara nyingi pia mbili hizi huja zimeshikana mikono. Jioni ile ya feri, nilipokuja kufikiri vizuri, nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu chai ya saa mbili asubuhi. Nusu ya viazi vile ilikuwa ndaa halali.

Usingizi nao huchanganya mambo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapima vijana 12 wa kiume wenye afya. Baada ya siku mbili za kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, leptini yao ilishuka kwa asilimia 18 na grelini ikapanda kwa asilimia 28, na hamu yao ilielekea vitamu na vyakula vya wanga. Nikisoma hivyo nawakumbuka wapakuaji wa zamu ya usiku kule bandari ya Kilindini, walinzi wa Nyali, wauguzi, wapishi wa hoteli za Bamburi. Mtu wa namna hiyo anaweza kujilaumu miaka mitatu kwamba hana msimamo, na kumbe hana usingizi.

Tena kula kwa furaha si maradhi. Biriani ya harusi, vitumbua vya asubuhi ya Idd, mihogo ya pale ufukweni Mama Ngina siku ya Jumapili na watoto: hivyo kula, ufurahi. Makala haya si ya hayo.

Kujinyima na poda: njia iliyoniumiza

Naanza na hii kwa sababu ndiyo wengi huanza nayo. Baada ya arobaini ya mama nilikuwa nimenenepa, nikaenda mahali fulani mjini ambapo sitapataja. Nilipimwa uzito, nikauziwa mkebe wa poda, nikaambiwa nikoroge asubuhi na usiku badala ya mlo, na mchana nile kachumbari na yai. Hakuna aliyeniuliza nalala vipi, wala kama kuna jambo limenifika. Siku tisa nilishikilia. Siku ya kumi nilikula wali wa nazi wa sufuria nzima, uliokuwa chakula cha kesho cha watu watatu, nimesimama mbele ya jiko. Niliporudi kueleza, nikaambiwa sina nia.

Nia nilikuwa nayo. Nilichokosa ni chakula. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, watu wazima wenye afya, kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini pia akili zao ziliganda kwenye chakula: wakiota chakula, wakisoma vitabu vya mapishi, wakilamba sahani. Na chakula kiliporudishwa, baadhi yao walikula na kula hata matumbo yakiwa yamejaa. Hao hawakuwa na huzuni ya kufiwa. Walinyimwa tu. Sasa mchukue mtu mwenye huzuni kisha umnyime, uone.

Ukilinganisha na njia nyingine zote zilizo hapa chini, kujinyima kuna faida moja: matokeo kwenye mzani huonekana haraka. Kwa mtu anayekula kwa sababu ya moyo, faida hiyo hulipwa kwa riba. Mimi simshauri mtu. Kinyume chake ndicho nilichokuja kukiona kuwa msingi wa njia zote: kula milo yako, asubuhi, mchana na usiku, chakula cha kushiba. Mahamri mawili na mbaazi asubuhi si dhambi. Anayefika jioni ameshiba hushindana na roho peke yake. Anayefika jioni na tumbo tupu hushindana na wawili.

Daftari na kungoja

Hizi mbili ndizo ninazozitumia mpaka leo, na watu huniuliza waanze na ipi.

Daftari ni la shilingi chache, la mistari, lile la watoto wa shule. Siandiki kalori wala gramu. Naandika saa, mahali, nilikuwa nahisi nini, nilikula nini. Hii ni wiki moja ya mwaka juzi kama ilivyo:

Jumatatu, saa kumi na moja na robo, feri. Mchana sikula. Nimesemwa mbele ya wageni. Viazi karai.

Jumatano, saa nne usiku, jikoni. Nyumba kimya. Mkate wa sinia vipande vinne, nimesimama.

Alhamisi, saa nne kasorobo, jikoni. Nimetoka kusikiliza sauti ya mama kwenye simu. Halua yote.

Ijumaa, hakuna. Dada alikuja kulala.

Ilinichukua wiki tatu kuuona ukweli uliokuwa umejiandika wenyewe pale. Nilikuwa na matatizo mawili, na nilikuwa nikiyaita jina moja. Jioni za feri zilikuwa ni mchana nisiokula, zikiongezewa hasira. Usiku wa jikoni ulikuwa ni upweke, nao haukuhusiana na tumbo hata kidogo, maana chakula cha usiku nilikuwa nimekula. Ile Ijumaa tupu ndiyo iliyonifunza zaidi kuliko siku zote. Halua nyingine ilikuwapo kabatini usiku ule, na sikuikumbuka.

Huo ndio uwezo wa daftari: linakuonyesha. Lakini haliuzuii mkono. Usiku wa kwanza, wa pili, wa kumi, utaandika na utakula vilevile, na kwa mtu asiye na subira hilo linavunja moyo. Liko pia suala la siri. Nyumba zetu zina watu wengi, daftari likisahaulika mezani litasomwa, na si kila mtu anataka shemeji yake ajue alilia saa ngapi. Kwa hao simu yenye namba ya siri ni bora. Na yupo mtu ambaye simshauri daftari: aliyewahi kuhesabu kila tonge hadi ikawa mateso. Kwake daftari litageuka kuwa hakimu.

Ushahidi wake si mdogo. Mwaka 2008 shirika la afya la Kaiser Permanente la Marekani lilitoa matokeo ya utafiti wa watu karibu 1,700 waliokuwa wakipunguza uzito. Walioandika kila siku au karibu kila siku walipungua takriban mara mbili ya wasioandika. Utafiti huo ulipima uzito, haukupima huzuni, kwa hivyo siutii maneno usiyoyasema. Ila unaonyesha kwamba kitendo cha kuandika tu kinamgusa mtu.

Kungoja ni kitu kingine. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt, aliyefanya kazi na walevi na wavuta sigara, aliwafundisha watu waitazame hamu kama wimbi: inainuka, inafika kileleni, inavunjika. Wengi wetu hudhani hamu ikianza itapanda tu mpaka tuilishe. Haipandi milele. Kwa kawaida haifiki nusu saa kabla ya kulegea.

Mimi nilijifunza hili nikiwa nimekaa kwenye ukuta wa Mama Ngina wakati maji yanajaa. Nilikuwa nimetoka kazini na kitu kifuani, na mbele yangu mihogo ya kukaanga inanukia. Niliweka saa ya simu dakika 15. Kazi yangu ilikuwa kuchunguza: iko wapi? Iko chini ya ulimi, mate yanajaa. Iko kifuani, panabana. Dakika ya nne ilikuwa kali zaidi ya ile ya kwanza, nikatamani kuinuka. Mbele yangu wimbi linakuja, linanyanyuka juu ya mwamba, linakuwa jeupe, linarudi. Dakika ya tisa nikajikuta nawaza jambo jingine, kwamba yule aliyenisema alikuwa na haki nusu. Simu ilipolia, mihogo ilikuwa bado inanukia vizuri, lakini sikuwa tena nimekabwa nayo. Nilinunua kidogo, nikala nimekaa, kimoja kimoja. Nilisikia ndimu, nilisikia pilipili. Viazi vya kwenye feri sikuvisikia.

Sharti la kungoja ni kwamba hujikatazi. Dakika zikiisha na bado wataka, kula, ila weka kwenye sahani, ukae, na ule polepole, kwa sababu tumbo huchukua takriban dakika 20 kuupa ubongo habari za shibe. Ukikifanya kungoja kuwa marufuku, umerudi kwenye poda.

Zikiwekwa bega kwa bega: kungoja kunafanya kazi leo leo, hakuna gharama, na hata aliyekaa karibu nawe kwenye matatu hajui unachofanya. Lakini hakukuambii kwa nini. Waweza kungoja mawimbi mia na usijue upepo unatoka wapi. Daftari ni la polepole na halikuokoi usiku wa leo, ila baada ya wiki mbili au tatu linakutajia upepo. Kwa hivyo kama huijui saa yako, anza na daftari, hata kama unaliona la kitoto. Kama unaijua tayari, waweza kusema bila kusita "mimi ni kila nikigombana na mume wangu", usipoteze karatasi. Anza kungoja. Na usingoje ukiwa hujala tangu asubuhi. Huko ni kujitesa, na utashindwa.

Kufunga

Waislamu wenzangu huniuliza kuhusu funga za suna, Jumatatu na Alhamisi, na swali hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu lina majibu mawili.

Ramadhani inafundisha kitu ambacho daftari haliwezi kukifundisha. Saa nne asubuhi hamu inakuja, huwezi kuilisha, na saa tano haipo. Mtu aliyefunga mwezi mzima ameshayaona mawimbi mamia, yeye mwenyewe, mwilini mwake. Anachohitaji ni kukumbuka kwamba ustadi huo anao hata Shawwal, mwezi unaofuata. Na ile hadithi ya Mtume tuliyofunzwa chuoni, theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa kinywaji, theluthi kwa pumzi, ni mwongozo mzuri wa mlo kuliko mikebe mingi ya poda.

Lakini funga ni ibada. Ukiigeuza adhabu ya ulichokula jana usiku, au njia ya kuficha kujinyima, utakuta magharibi inakuwa ni mwanya wa kula bila kujizuia, na kila funga inafuatiwa na futari inayokuacha na majuto. Nimemwona mtu wa karibu yangu akizunguka hivyo miezi. Aliye na kisukari au anayetumia dawa azungumze na daktari kabla ya kufunga suna. Na anayeshikwa na vipindi vya kula asivyoweza kuvizuia, huyo funga za mara kwa mara zinaweza kumzidishia. Kwanza atulize milo yake.

Kutembea, kutafuna kitu kingine, na muguka

Kutembea kumenishangaza. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwachukua watu 78 wapenzi wa chokoleti, baadhi wakatembea kwa haraka dakika 15, wengine wakapumzika, kisha wote wakapewa kazi ya mezani yenye chokoleti karibu. Waliotembea walikula karibu nusu ya chokoleti waliyokula wenzao. Kwa hasira, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza, kwa sababu hasira inataka miguu. Kuikalisha ukutani dakika 15 ni kazi ngumu. Shuka kwenye matatu Buxton badala ya kungoja ikufikishe, au zunguka Tononoka mara mbili. Kwa mwanamke saa nne usiku katika mitaa mingi ya hapa haiwezekani, na ndiyo maana kutembea si dawa ya upweke wa usiku.

Kubadilisha kitafunwa, karoti mahali pa kachri, maembe mabichi mahali pa halua, hakudhuru, na kunapunguza mafuta. Lakini mkono bado unaenda mdomoni kwa sababu ileile. Naiona kama kubadilisha kiti ndani ya feri.

Wapo wanaokata hamu kwa muguka au miraa. Ni kweli, majani hayo huua hamu ya kula kwa saa kadhaa. Pia hunyima usingizi, na athari ya usingizi tumeshaiona juu. Nawaomba vijana wetu wasiiite hiyo njia.

Mtu wako au mshauri

Hapa ndipo watu wa Pwani tunapokwama. Mambo ya ndani hayatoki nje, tumelelewa hivyo, na kula kwa siri ni jambo la ndani kuliko yote.

Mtu wako, awe shangazi, dada, rafiki wa tangu chuoni, ana kitu ambacho hakuna mshauri anacho: anapatikana saa nne usiku, na anamjua mama yako. Upungufu wake ni kwamba anaweza kukuhukumu, au kukujibu kwa sahani. Kwetu upendo hupakuliwa. Ukimwambia mtu una huzuni, atakuuliza kwanza kama umekula. Kwa hivyo mwambie wazi unachotaka. Mimi nilimwambia shangazi: "Nikikupigia usiku, usiniambie nikale wala nisile. Nisikilize tu." Aliona ajabu kidogo, kisha akakubali.

Mshauri nasaha yuko mbali zaidi na analipwa, lakini hakujui, na hilo lina nafuu yake. Waweza kumwambia ulichokula bila kuogopa kukutana naye kwenye harusi. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, kwa hivyo una haki ya kumuuliza mtu kama amesajiliwa kabla ya kumfungulia moyo. Ukiwa huna uwezo wa kliniki za binafsi, ulizia Hospitali Kuu ya Pwani hapa kisiwani au Port Reitz kule Changamwe, ambako huduma ya afya ya akili imekuwapo muda mrefu. Sheikh au mchungaji pia husaidia kwa huzuni ya msiba. Ukiona mazungumzo yanarudi kila mara kwenye "jizuie", basi kwa hili la kula mtafute mwingine.

Yapo mazingira ambayo mshauri si chaguo tena, ni lazima. Ukijikuta unakula chakula kingi sana kwa muda mfupi huku unahisi huwezi kusimama, ikatokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, na ikakuachia uchungu mkubwa, hayo ni maradhi yanayotambulika. Madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza rasmi kwenye mwongozo wao mwaka 2013. Yana tiba. Tiba ya mazungumzo inayoshughulikia mawazo na mwenendo ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi, na miongozo ya afya ya Uingereza ya mwaka 2017 huanza na mtu kujifunza mwenyewe hatua kwa hatua huku akisimamiwa na mtaalamu. Ukiwa unajitapisha baada ya kula, au unatumia dawa za kuharisha, au umewaza kujidhuru, usingoje miezi mitatu. Nenda wiki hii, na umwambie mtu mmoja nyumbani akusindikize.

Siku ya kwanza usijisumbue kutafuta maneno mazuri. Peleka daftari lako, lifungue mezani.

Kwa saa yako

Roho ikikujia alasiri na jioni, baada ya kazi au chuo, shuku mchana wako kwanza. Kula mchana wiki moja nzima, hata kama ni wali na maharagwe ya kibandani, halafu ndio upime kilichobaki. Mara nyingi kilichobaki ni kidogo, na kutembea kunakitosha.

Ukiwa mtu wa zamu za usiku, anza na usingizi: chumba cha giza, simu mbali, saa zako za kulala ziheshimiwe na walio nyumbani. Beba chakula cha kweli kazini, kwa sababu saa tisa usiku kinachouzwa nje ni soda na vya kukaanga.

Mwanafunzi anayekula kwa hofu ya mtihani, kungoja kutamfaa kuliko daftari; hofu yake ina tarehe ya kwisha. Mama mwenye watoto wadogo, anayemalizia sahani zao jikoni kwa uchovu, mara nyingi anachotaka ni kukaa. Apewe nusu saa ya kukaa peke yake na chai yake, watoto wachukuliwe na baba yao. Hapo huenda hatahitaji njia nyingine.

Na wewe wa saa nne usiku, wa nyumba iliyokuwa na watu na sasa haina, wewe ndiye niliyekuandikia zaidi. Milo, kungoja, daftari, vyote vilinisaidia kidogo. Kilichoubadilisha usiku wangu ni shangazi. Sasa simu yangu huita saa nne kasorobo, kabla sijafika jikoni. Huniuliza, "Umekula?" kwa sababu hawezi kutouliza. Namjibu nimekula, shangazi. "Haya," husema, "niambie mengine."